Anti, wiki sita nasimama mguu mmoja na msuli haujakua hata kidogo

Anti shikamoo. Naomba usiweke jina langu. Nina miaka 23, nacheza kikapu tangu niko shule ya msingi, na huu mguu wangu wa kulia nimeuteguka mara tatu ndani ya miaka miwili. Mara ya mwisho ndo ilikuwa mbaya kuliko zote, niliruka kuchukua ribaundi nikatua juu ya kiatu cha mwenzangu, kifundo kikapinduka kwa ndani nikasikia kabisa kitu kimechanika, nikakaa chini hapo hapo. Picha ikaonyesha mfupa uko salama ila ligamenti, zile kamba zinazoshikanisha mfupa na mfupa, za upande wa nje zimeumia. Uvimbe ulivyoisha nikapelekwa kwa fizio, yule mtaalamu wa kutibu kwa mazoezi.

Sasa hapo ndo shida yangu inaanzia. Mi nilitegemea mashine na vyuma, yeye akanipa mazoezi ambayo kusema ukweli yanaonekana ya kitoto. Simama mguu mmoja, fumba macho, panda kwenye ubao unaoyumba, ruka kidogo utue bila goti kuingia ndani, rudia tena. Mara nne kwa wiki, dakika 20 hivi. Nimefanya wiki sita bila kukosa Anti, hata siku ambazo sijiskii.

Kaka yangu anapiga chuma miaka mingi na mwili wake unaonekana. Siku naanza alinipima shavu la mguu kwa tepu akapata sentimita 34, juzi kanipima tena, 34 ile ile. Akasema unaona, mwili haujajibu kitu, hayo ni mazoezi ya wazee wanaoogopa kuanguka, achana nayo njoo jimu tupige skwati.

Na kuna vitu vingine vinanichanganya. Mguu unatetemeka balaa hasa nikifumba macho, nawaza labda neva zimeharibika. Mwanzo nikifumba macho sikuwa namaliza hata sekunde 6, sasa hivi nafika kama 25 lakini kutetemeka bado kupo. Alafu nikimaliza kinachochoka ni kichwa kuliko mguu, nakuwa kama mtu aliyetoka kwenye mtihani. Na huu mguu wa kushoto ambao siufanyishi chochote nao umekuwa mzuri kwenye kusimama, ndo nikasema basi itakuwa ni mazoea tu, hakuna cha mwili kubadilika wala nini.

Na uoga haujaisha. Juzi nilikuwa nashuka ngazi nimekumbatia boksi kubwa, nikadhani ngazi zimeisha kumbe imebaki moja, mguu wa kulia ukaenda kombo, moyo ukalipuka, nikasimama pale kama dakika nzima ndo nikaendelea. Nikajiambia ona sasa, wiki sita zote na mguu ni ule ule.

Timu inaanza mazoezi mwezi ujao. Niache haya nifuate ya kaka? Au mwili wangu ndo mmoja wa ile miili isiyojibu mazoezi?

Mpenda kikapu

Marahaba mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza nilipofika pale kwenye ngazi nilirudi juu kuangalia kama kuna mstari nimeuruka. Nilikuwa natafuta mahali uliposema umeteguka. Hapapo. Umekumbatia boksi, chini huoni, umekosea ngazi, mguu ule ule ulioumia mara tatu umeenda kombo, na ukaendelea kushuka. Wewe umeiandika kama ushahidi kwamba mazoezi hayafanyi kazi, mi nimeisoma kinyume chake kabisa. Siwezi kukuapia kwamba bila haya mazoezi ungeteguka siku ile, ila jiulize ni nani aliyeushika mguu wako pale, maana wewe ulikuwa bado hujajua hata kama umekosea.

Tuanze na tepu ya kaka. Kaka yako anakupenda na hajakosea kupima, amekosea mahali pa kupima. Mtu akianza mazoezi ya aina yoyote, hata hayo ya vyuma anayopiga yeye, kitu cha kwanza kubadilika ni jinsi ubongo na uti wa mgongo vinavyouamrisha msuli. Unene unafuata baadaye. Mwaka 1979 watafiti wawili, Moritani na deVries, waliwafuatilia watu waliokuwa wanafanya mazoezi ya nguvu ya mkono kwa wiki 8, wakaona wiki za mwanzoni nguvu inapanda na sehemu kubwa ya hiyo nguvu inatoka kwenye neva, msuli kukua kukaja kuchukua nafasi baadaye. Kaka yako mwenyewe, mwezi wake wa kwanza jimu, uzito aliokuwa anabeba uliongezeka haraka kuliko mikono yake ilivyonenepa, muulize atakumbuka. Na mazoezi uliyopewa wewe hayana mzigo mkubwa wa kulazimisha msuli kunenepa, kazi yake ni nyingine. Kwa hiyo 34 kubaki 34 haijanishangaza hata kidogo.

Sasa hiyo kazi nyingine ni ipi. Msuli haupokei amri kama kitu kimoja. Kila neva inayotoka kwenye uti wa mgongo inashika nyuzi zake za msuli, kwenye misuli midogo ya jicho neva moja inashika nyuzi chache tu, kwenye shavu la mguu neva moja inaweza kushika zaidi ya elfu. Mwili ukihitaji nguvu kidogo unaita vile vikosi vidogo kwanza, ukihitaji zaidi ndo unaita vikubwa. Mtu asiye na mazoezi vikosi vingine vinachelewa kuitika, vingine vinaitwa vikiwa havitakiwi, alafu msuli wa mbele na wa nyuma vinakaza kwa wakati mmoja vinavutana. Ukizoeza, amri inatoka haraka zaidi, vikosi vinaitika vingi kwa pamoja pale vinapotakiwa, na msuli unaopingana na mwenzake unajifunza kulegea. Tepu haiwezi kuona hayo.

Hapo ndo tunafika kwenye kutetemeka. Usiku wa leo vua viatu, simama mguu wa kulia mbele ya kioo, angalia kifundo kwa karibu. Utaona zile kano za mbele zinaruka ruka chini ya ngozi, vidole vinakamata sakafu vinaachia, ukingo wa nje wa unyayo unanyanyuka kidogo unarudi. Kila mruko mmoja ni sahihisho, yaani mwili umehisi umeegemea upande, umetuma amri, umezidisha kidogo, unarekebisha tena. Mtu mgeni anasahihisha kwa nguvu na kwa kuchelewa ndo maana mtetemo unakuwa mkubwa, na ukishachoka unazidi. Ukifumba macho umeuondolea mwili msaidizi mkubwa, sasa inabidi utegemee taarifa za sikio la ndani na za kifundo chenyewe, na kifundo chako ndo kilichoumia. Neva zikiharibika dalili zake ni nyingine, ganzi isiyoondoka, kushindwa kunyanyua unyayo, mguu kupoteza nguvu ghafla. Hujaniandikia hata moja. Umeniandikia kutoka sekunde 6 hadi 25 ukalipita kama kitu kidogo, na mi kwenye barua yako yote hiyo ndo namba niliyoiwekea alama, siyo 34.

Kwa nini kifundo kilianza kukusaliti wakati una nguvu za kurukia ribaundi? Kwenye ligamenti, kwenye kano na ndani ya misuli kuna vihisio vinavyouambia ubongo kiungo kiko wapi na kinaenda wapi bila wewe kukiangalia. Mwingereza Charles Sherrington ndo aliyeipa hisia hiyo jina mwaka 1906, na ni kwa sababu yake unaweza kupanda ngazi gizani. Ligamenti ikichanika taarifa zake zinavurugika, uvimbe na maumivu navyo vinaufanya mwili uipunguzie amri misuli ya jirani. Tatizo ni kwamba uvimbe ukiisha ule mtindo mbovu haujifuti wenyewe. Mwaka 1965 daktari wa mifupa Freeman na wenzake Uingereza walieleza habari za watu kama wewe kabisa, ambao kifundo kinaendelea kukatika katika baada ya kuteguka, wakaona waliofanyishwa mazoezi ya ubao unaoyumba malalamiko yao yanapungua. Maelezo ya kisayansi yameboreshwa sana toka hapo ila ubao bado upo, ni ule ule uliosema ni wa kitoto.

Na hapa nataka unielewe vizuri kwa sababu ndo kiini cha swali lako. Kifundo kikianza kupinduka, misuli ya nje ya mguu inayotakiwa kukivuta kirudi inachukua kama milisekunde 50 hadi 80 ndo ianze kuitikia, na kuanza kuitikia siyo kuwa na nguvu tayari, inahitaji muda mwingine tena. Wewe mwenyewe kwa akili yako ukiona kitu mpaka uchukue hatua ni karibu milisekunde 200. Kifundo hakisubiri yote hayo. Kwa hiyo mtu anayetua salama siyo kwamba ana kasi ya ajabu ya kujiokoa, ni kwamba misuli yake imeshakaza kabla unyayo haujagusa chini, kiasi kinachotosha na upande unaotakiwa. Hiyo haiji kwa kuamua, inakuja kwa kurudia kutua mara nyingi mpaka ubongo unajua kabla. Ndo maana fizio anakurukisha vile viruko vidogo na kukukazania goti lisiingie ndani. Goti kuingia ndani wakati wa kutua ni moja ya mikao ambayo ligamenti iliyo ndani katikati ya goti, wanayoiita ACL, inachanika, na wanawake kwenye michezo ya kuruka na kukata kona wanaichana zaidi kuliko wanaume, kwa hiyo hapo analinda kifundo na goti kwa mpigo mmoja.

Kichwa kuchoka pia ni jibu la mwili. Saa hizi unasimama kwa kufikiria, kila sekunde uko unaangalia mguu kwa akili. Baadaye kazi inahamia sehemu za ubongo ambazo hazihitaji wewe uwepo, kama ulivyojifunza kuandika, zamani kila herufi ilikuwa kazi na sasa unaandika huku unaongea. Siku ukiweza kusimama mguu mmoja huku unahesabu kutoka 100 kurudi nyuma kwa saba saba na mguu usiyumbe ujue imehama. Na lala vya kutosha mwanangu, nakuomba, mwili unayaimarisha uliyojifunza ukiwa usingizini, nimeona watu wakilala saa chache alafu wanalaumu mazoezi.

Kuhusu mguu wa kushoto, hapo umenifurahisha bila kujua. Mwaka 1894 Edward Scripture na wenzake kule Yale, Marekani, walimfanyisha mtu mazoezi ya mkono mmoja, wakakuta na ule mwingine ambao haukufanya kitu umeongezeka nguvu. Imethibitishwa mara nyingi toka hapo. Nyuzi za msuli wa kushoto hazikuguswa, kwa hiyo kilichobadilika kiko juu, kwenye ubongo na uti wa mgongo, ambako miguu yote miwili inaamrishwa. Ulichokiita mazoea tu ni mwili kubadilika kwenyewe, na wewe ndo umeniletea ushahidi.

Sasa kaka ana hoja moja na sitamnyima. Mazoezi ya balansi yana tabia ya kukufanya hodari kwa kile kile unachokifanya. Ukisimama wiki sita unaangalia ukuta ule ule utakuwa bingwa wa kusimama unaangalia ukuta, na kikapu hakichezwi hivyo. Kama programu yako leo ni ile ile ya wiki ya kwanza basi hapo kuna kosa, siyo la mwili wako, ni la programu kutosogea, na una haki kabisa ya kumwambia fizio wako mimi nataka kupanda ngazi inayofuata. Ngazi inayofuata ni kudaka mpira ukiwa mguu mmoja, mtu akusukume bega kidogo bila kukuambia, kuruka pembeni na kutua ukakaa tuli, kuruka ukigeuka, kukimbia na kukata kona kwanza kwa kona unayoijua alafu kwa kona anayokuonyesha mtu dakika ya mwisho. Na ndiyo, nguvu pia inatakiwa, skwati na kunyanyua visigino kwa mguu mmoja mmoja. Nenda jimu na kaka siku mbili kwa wiki, mweleze fizio ili wapangiane, ila usitoe kimoja uweke kingine. Ukianza vyuma misuli itauma, maumivu ya namna hiyo yanakuwa makali kati ya saa 24 na 72 alafu yanaondoka, na mara ya pili hayawi makali kama ya kwanza, hayo yasikutishe. Kinachotakiwa kukurudisha kwa daktari ni uvimbe unaorudi kila baada ya mazoezi, maumivu ukibonyeza kwenye mfupa wenyewe, kushindwa kutembea hatua nne ukiukanyagia, kifundo kukwama, au zile dalili za neva nilizosema juu.

Mwezi ujao ukarudi uwanjani? Mi singeangalia kalenda. Ningeangalia kama unaruka mguu mmoja pembeni kwenda na kurudi kwa kasi ile ile ya kushoto, kama ukisimama kulia ukanyoosha mguu mwingine mbele na kwa kona za nyuma unafika karibu sawa na upande wa pili (na kwa kuwa kushoto nako kumepata faida ukipima pima vyote viwili siku moja), na kama kichwani unaamini huo mguu, maana mtu anayetua kwa uoga anatua vibaya. Uoga wako siyo ujinga, umeumia mara tatu, na dawa yake ni kutua salama mara mia kwenye mazoezi kabla hujatua mara moja kwenye mechi. Mwaka wa kwanza baada ya kuteguka hatari ya kurudia iko juu, kwa hiyo ukianza kucheza vaa kishikizo cha kifundo au ufungwe tepu na anayejua, vinasaidia kwa mtu aliyeshateguka na havidhoofishi mguu kama watu wanavyosema.

Alafu usije ukaacha siku ukiona umepona. Kule Norwei walijaribu programu ya dakika 20 ya kupasha mwili kwa mabinti wa soka wa miaka 13 hadi 17, kukimbia kwa mpangilio, nguvu, balansi na kutua, matokeo yakatoka mwaka 2008, majeraha mabaya yalipungua karibu nusu kwa timu zilizopewa. Hiyo ndo ile inayojulikana leo kama 11+ ya FIFA, na inashauriwa angalau mara mbili kwa wiki, msimu mzima, siyo mpaka ujisikie vizuri. Mwambie kocha wako aiweke mwanzoni mwa mazoezi kwa timu nzima, hata yule mwenzako uliyetua kwenye kiatu chake itamfaa.

Kaka mwambie hivi, tepu aiweke pembeni, achukue saa ya simu. Akupime sekunde umefumba macho, kulia na kushoto, kila Jumapili, aandike. Alafu na yeye avue viatu afumbe macho asimame mguu mmoja umpime, kwa nia njema kabisa, ili ajue unachokifanya kina uzito gani.

Na wiki hii ukienda kwa fizio mwombe akurushie mpira ukiwa umesimama kwa huo wa kulia, kwanza kifuani, alafu pembeni kidogo ambako inabidi uufuate. Niandikie ulidaka mingapi.